Usinionyeshe Mandhari Tu, Nionyeshe Nani Anaishi Pale

Leo tuongee muvi. Si zile za kufukuzana na magari, hizo tutaongea siku nyingine. Naongelea zile zinazokutoa hapo ulipo na kukutupa mahali hujawahi kukanyaga. Jangwani, kwa barafu, kando ya mto mpana jua likizama. Zile zikiisha unabaki umekodolea macho majina yanayopanda kwa skrini, na hutaki mtu akuulize kama umeosha vyombo.

Kwa wengi wetu hiyo ndiyo safari tuliyo nayo. Pasipoti ni foleni, viza ni kubahatisha, na tiketi ya ndege ni kodi ya nyumba ya miezi mingi. Lakini simu iko, na kuna yule rafiki mwenye waifai ambaye nyumba yake imegeuka ukumbi wa sinema. Kwa hivyo mtu akikuambia unapoteza wakati, mwambie uko safarini. Sioni aibu yoyote hapo.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanikasirikia. Muvi nyingi zinazosifiwa kwa mandhari hazikupeleki popote. Zinakuonyesha kalenda. Si unaijua ile kalenda ya dukani, mlima juu, ziwa chini, na hakuna hata mtu mmoja ameenda kuteka maji? Muvi inayokusafirisha kweli inakuonyesha nani anaishi pale, anakula nini, anaogopa nini, na kisima kiko wapi. Ukikosa hayo, umeona pazia tu.

Na sisi Wakenya tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko watu wengi. Nitafika huko. Kwanza nikuonyeshe ninachomaanisha.

Jangwa moja, muvi nne

Kusini mwa Jordan kuna bonde linaitwa Wadi Rum. Mchanga ni mwekundu, na milima ya mawe imesimama wima kama magorofa ya Upper Hill, ila haya hayana madirisha. Mwaka wa 2011 UNESCO waliliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hata kama jina hilo ni geni kwako, kuna uwezekano mkubwa kwamba mahali penyewe umeshapaona.

Mwaka wa 1962 David Lean alitoa *Lawrence of Arabia*, ile muvi ndefu ya ofisa Mwingereza anayepigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki. Sehemu yake ilipigwa Wadi Rum. Mwaka wa 2015 Ridley Scott akaligeuza bonde hilo kuwa sayari ya Mirihi katika *The Martian*, ambapo Matt Damon ameachwa peke yake na inabidi apande viazi ndiyo asife njaa. Mwaka wa 2021 Denis Villeneuve naye akaligeuza kuwa Arrakis, ile sayari ya mchanga ya *Dune*.

Nazipenda zote tatu, sitadanganya. *Dune* ukiiangalia kwa skrini kubwa unaweza kuanza kukohoa vumbi. Lakini hebu angalia kitu kimoja. Katika ya kwanza, watu wa jangwa wapo, ila shujaa ni mgeni, na Faisal, ambaye ni mwana wa mfalme wa Kiarabu, anaigizwa na Mwingereza Alec Guinness. Katika ya pili hakuna mtu kabisa, maana hapo ni Mirihi. Katika ya tatu kuna watu, lakini ni wa kubuni, na wamekaa wakimngoja kijana wa ukoo wa kifalme kutoka sayari nyingine aje awaongoze.

Na miaka hiyo yote Wadi Rum ina wenyewe. Mabedui wameishi pale vizazi kwa vizazi na ngamia na mbuzi zao. Hawajaenda mahali.

Mwaka wa 2014 mwongozaji Naji Abu Nowar akaleta *Theeb*. Karibu waigizaji wote ni Mabedui wa pale pale, watu ambao hawakuwa wameigiza kabla ya hapo. Hadithi ni ya mwaka wa 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Theeb ni jina la mtoto, na maana yake ni mbwa mwitu. Baba yake amekufa, na kaka yake Hussein anamfundisha kulenga bunduki. Usiku mmoja anafika ofisa Mwingereza na sanduku lake la mbao ambalo hataki mtu aliguse, akitaka kupelekwa kwenye kisima kilicho njiani pa mahujaji. Kwa desturi yao mgeni hanyimwi msaada. Hussein anakubali kuwapeleka, na Theeb anawafuata kisirisiri juu ya punda.

Sitakuambia kinachotokea kisimani. Nitakuambia hivi tu: milima ni ile ile ya *The Martian*, lakini sasa kila jiwe lina kazi. Jiwe hili ni kivuli. Lile ni mahali ambapo mtu mwenye bunduki anaweza kukuona kabla hujamwona. Kisima ni uhai wako, na maji yake yanaweza kuwa yameharibiwa. Baada ya nusu saa unaacha kusema "wueh, pazuri!" na unaanza kujiuliza wewe ungelala wapi usiku huo.

Kuna pia mambo ya reli. Kabla ya treni, Mabedui walipata riziki kwa kuwaongoza mahujaji kuelekea Makka. Reli ya Waturuki ilipofika, kazi ikaisha, na baadhi ya watu wakageuka majambazi wa njiani. Muulize mtu aliyekuwa na hoteli ya madereva wa lori pale Mtito Andei habari ya SGR, halafu aitazame *Theeb*. Hatahitaji kufafanuliwa chochote. Hapo ndipo muvi inakuwa imekusafirisha. Umeenda mpaka Jordan ya mwaka wa 1916 na ukakutana na mtu unayemjua.

Mwaka wa 2016 *Theeb* iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ya kwanza kutoka Jordan kufika hapo. Na bado ukitaja Wadi Rum, watu wengi wanajibu "Mirihi".

Mechi bila mpira

Ya pili kwenye orodha yangu ni *Timbuktu* ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka wa 2014. Mwaka wa 2012 makundi ya wapiganaji yalishika kaskazini mwa Mali, pamoja na mji wa Timbuktu wenyewe. Muziki ukapigwa marufuku. Sissako hangeweza kupiga muvi kule kwa usalama, kwa hivyo sehemu kubwa akaipiga Oualata, mji wa kale jangwani katika nchi jirani ya Mauritania.

Manze, ni muvi ya kupendeza hiyo. Nyumba za udongo zina rangi ya mchanga wenyewe. Kuna hema moja juu ya matuta, na ndani yake familia ya mfugaji anayeitwa Kidane, mkewe Satima na binti yao Toya. Wana ng'ombe wao kipenzi wamempa jina GPS. Ndiyo, GPS! Nilicheka peke yangu, halafu baadaye nikakoma kucheka, kwa sababu ng'ombe huyo ndiye anayeanzisha msiba wote.

Picha mbili zimekataa kunitoka kichwani. Ya kwanza ni mto. Kidane amegombana na mvuvi na mambo yameharibika vibaya. Kamera inarudi nyuma, mbali kabisa, na tunamwona mtu mdogo kama sisimizi akivuka maji ya kina kifupi huku jua likichwea. Macho yako yanaona uzuri na tumbo lako linajua kuna mtu amekufa. Hakuna kalenda inayoweza kukufanyia hivyo.

Ya pili ni mpira. Wapiganaji wamekataza kandanda. Basi vijana wanaingia uwanjani wakiwa na jezi na kucheza bila mpira. Wanakimbia, wanapiga pasi, kipa anaruka, wanashangilia bao. Mpira haupo. Wapiganaji wakipita kwa pikipiki, vijana wanajifanya wananyoosha viungo tu. Kama umewahi kucheza na mpira wa makaratasi na kamba, utaelewa ile njaa. Uwanja ule ni vumbi tupu na hakuna mtalii angeupiga picha, lakini mimi nikiulizwa nataja ule kama mahali pazuri kuliko pengine pote katika muvi nzima.

*Timbuktu* ilishinda César saba nchini Ufaransa mwaka wa 2015, ikiwemo ya filamu bora. Lakini hata isingeshinda kitu, ningekuambia uitafute.

Kukimbia uchi juu ya barafu

Ya tatu inatupeleka kwenye baridi kali. *Atanarjuat* ni muvi ya mwaka wa 2001, ya mwongozaji Zacharias Kunuk, na mahali pake ni Igloolik, kisiwa kilicho kaskazini kabisa mwa Kanada. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuandikwa, kuongozwa na kuigizwa kwa Kiinuktituti, lugha ya Wainuiti wa huko. Hadithi yenyewe ni ngano yao ya kale iliyopokewa mdomo kwa mdomo.

Ina wivu, ina mashindano ya kupata mke, ina uchawi, ina ndugu wawili. Halafu kuna ile sehemu ambayo kila mtu aliyeitazama ataitaja. Maadui wanaliangusha hema juu ya ndugu wawili waliolala, na Atanarjuat anachomoka akiwa uchi wa mnyama na kukimbia juu ya barafu ya bahari bila viatu, huku wenye mikuki wakimfuata. Maji yamejaa juu ya barafu. Nyayo zinachanika. Mbele kuna ufa mpana, na ni kuruka au kufa.

Ukiona barafu kwenye muvi nyingi, ni mahali ambapo mzungu mmoja mwenye ndevu anaenda kujitafuta. Hapa barafu ni njia ya kwenda kwa jirani, ni tofali la kujengea nyumba, na ni sakafu ambayo inaweza kukumeza ikiwa humjui aliyekufundisha kuikanyaga. Muvi inachukua karibu saa tatu, na mwanzoni majina yatakuchanganya. Kaa tu. Mwishoni kabisa, majina ya waliofanya kazi yakipanda, tunaonyeshwa wenyewe wakiwa kazini na kamera zao kwenye barafu ile ile, wamevaa makoti ya kisasa. Ni kama wanakuambia kwamba bado wapo na kamera ni yao.

Sasa fikiria mtu aipige hadithi ya Lwanda Magere namna hiyo. Kwa Dholuo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kule kule Kano, na wanaoigiza wawe watu walioisikia kwa nyanya zao. Ningelala nje ya ukumbi kungoja tiketi.

"Lakini hizo ni za kusoma"

Najua kuna mtu tayari ameandika kwenye komenti kwamba hataki muvi ya kusoma maandishi pale chini. Buda, wewe ambaye unasoma vita vya watu kwenye mtandao hadi saa tisa usiku?

Halafu tukumbuke tulikotoka. Nchi hii imelelewa na DJ Afro. Mtu anachukua muvi ya Kichina, ya Kihindi au ya Hollywood, anaweka sauti yake juu, anawapa waigizaji majina ya mtaani, na ghafla jambazi wa Hong Kong anakimbizwa kama amepora simu kwa steji. Ukumbi mzima wa mabati unacheka. Hakuna aliyelalamika kwamba hajui Kichina. Tumeshathibitisha kwamba lugha haitutishi tukipata mtu wa kutushika mkono. Maandishi ya chini ni mkono huo huo, ila umekaa kimya.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kwani ni lazima kila muvi iwe ya wenyeji? Mgeni hana haki ya kupenda mahali? Anayo. Na kwa hilo nakupa muvi yangu ya kuchangamka, *Zindagi Na Milegi Dobara* ya Zoya Akhtar, ya mwaka wa 2011. Marafiki watatu kutoka India wanazunguka Uhispania kwa gari kabla mmoja wao hajaoa. Wanarushiana nyanya Buñol, wanaruka kutoka kwa ndege, wanakimbia mbele ya mafahali Pamplona. Nimeitazama mara nyingi kuliko nitakavyokubali kusema.

Kwa nini hiyo haiko kwenye kundi langu la kalenda? Kwa sababu wale jamaa wanajua ni wageni, na muvi inajua pia. Haisemi wamekuja kuiokoa Uhispania au kuigundua. Wamekuja na hofu zao ndani ya mizigo. Arjun anaabudu pesa na anaogopa maji, na siku anapoibuka kutoka kupiga mbizi, machozi yanamtoka na anakosa maneno. Bahari haikubadilika, yeye ndiye amebadilika. Mgeni wa hivyo mimi namkaribisha hata kwetu.

Ghuba iliyolazimika kufungwa

Labda unasema, bana, ni muvi tu, kalenda haijawahi kuua mtu. Basi twende Thailand.

Mwaka wa 2000 ilitoka *The Beach*, ya Danny Boyle, na nyota wake alikuwa Leonardo DiCaprio. Vijana wa kizungu wanasikia kuna ufuo wa siri ambao watalii hawajaufikia. Wanaufikia, na polepole wanaufanya jehanamu. Ilipigwa katika Ghuba ya Maya, kwenye kisiwa cha Ko Phi Phi Leh. Ufuo ule wa kweli ulikuwa mzuri tayari, lakini watayarishaji waliona hautoshi. Matuta ya mchanga yakasawazishwa na minazi ikapandwa ili pafanane zaidi na pepo waliyokuwa nayo kichwani. Watu wa huko wakaenda mahakamani, na kesi ikaendelea kwa miaka.

Halafu wakaja watazamaji. Maboti yakawa yanaingia na maelfu ya watu kwa siku moja kwenye ufuo mdogo, kila mtu akitaka ile picha. Nanga na injini zikaharibu matumbawe. Juni mwaka wa 2018 serikali ikaifunga ghuba, ikaja kuifungua tena Januari mwaka wa 2022. Katika muda huo matumbawe yalipandwa upya na papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi wakarudi. Siku hizi maboti hushusha watu upande wa pili wa kisiwa, na idadi ya wageni ina kikomo.

Ona hapo. Muvi ilikuwa inaonya kuhusu watu wanaotafuta pepo isiyo na mwenyewe, na watu wakaitazama, wakakata tiketi, wakaenda kufanya kile kile. Nadhani ni kwa sababu picha ilikuwa na nguvu kuliko hadithi. Walichobaki nacho kichwani ni maji ya buluu na ufuo mtupu. Wavuvi na wakazi wa visiwa vile hawakuwa kwenye picha, kwa hivyo hakuna aliyewafikiria.

Sisi tumeshakuwa pazia

Sasa turudi nyumbani, maana nilisema nitafika.

*Out of Africa* ilitoka mwaka wa 1985, Meryl Streep na Robert Redford wakiwa mbele. Ilibeba Oscar saba, idadi ile ile ya *Lawrence of Arabia*. Ilipigwa hapa Kenya, na inamhusu Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong kuanzia mwaka wa 1914 hadi 1931. Nyumba yake leo ni makumbusho, kule Karen.

Ni muvi nzuri kwa macho, nisiwe mnafiki. Ile ndege ndogo ikipita juu ya flamingo hunipa hamu ya kuiona nchi yangu mwenyewe. Lakini kaa uhesabu Waafrika wanaopewa nafasi ya kusema jambo lao, si "ndiyo" na "chai iko tayari". Wakikuyu walioishi kwenye ardhi ile wakati huo walikuwa wameshaitwa maskwota, na muvi inawagusa kidogo tu, kama mzigo kwa moyo wa Karen. Wametazamwa kwa huruma, lakini bado wako nyuma ya picha. Mbele kuna mapenzi ya wageni wawili.

Halafu kuna *The Ghost and the Darkness* ya mwaka wa 1996, kuhusu wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli kule Tsavo mwaka wa 1898. Hadithi ni yetu kabisa. Muvi ikapigwa Afrika Kusini. Hata simba wakabadilishwa, wakapewa manyoya marefu ya shingoni, ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo na wako Chicago hadi leo, katika jumba la makumbusho la Field. Yaani kwa wale waliotengeneza, Tsavo ilikuwa nyasi na jua. Nyasi na jua zinapatikana kwingine.

Ndiyo maana nikitazama muvi ya nchi ya mtu, najiuliza yule kijana wa pale akiitazama atajiona au ataona nyasi.

Na kuna wanaofanya vizuri hapa kwetu. *Subira* ya Ravneet Sippy Chadha, ya mwaka wa 2018, inamfuata msichana wa Lamu anayetaka kitu kimoja tu, kuogelea baharini, na jinsi desturi na ndoa ya kupangiwa inavyomtoa pwani hadi Nairobi. Wangapi wamepiga picha bahari ile bila kujua kuna msichana anaitazama kila siku na haruhusiwi kuingia? *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka wa 2021, iliyotoka kwa riwaya ya Shafi Adam Shafi, inakupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950. Vichochoro vya Mji Mkongwe si vya kupigia picha za harusi tena. Ni mahali ambapo Denge anajificha polisi wa mkoloni na Yasmin anatafuta maisha baada ya kuikimbia ndoa. Kwa mtu wa Kayole au Kitale, Lamu na Unguja ni mbali kama Uhispania. Na hizo hazihitaji viza wala, kwa sehemu kubwa, kusoma maandishi.

Simu iko mkononi mwako

Hapa ndipo ninapotaka kuongea na nyinyi mnaopiga video, maana mko wengi humu.

Tukienda mahali pazuri, jambo la kwanza tunafanya ni kusema panafanana na kwingine. "Hii ni Maldives ya Kenya." "Huwezi amini hapa si Dubai." Droni inapanda, inazunguka mara mbili, muziki unawekwa, basi. Nimeziona video nyingi sana za jangwa la Chalbi kule Marsabit zilizopigwa hivyo. Mchanga, gari moja, mtu mmoja amevaa kilemba alichonunua jana. Na maandishi juu yanasema ni kama sayari nyingine.

Si sayari nyingine. Wagabra wanaishi huko. Kuna Kalacha, kuna North Horr, kuna visima ambapo ngamia hunyweshwa kwa zamu, na kila mtu anajua ni zamu ya nani. Hiyo ni *Theeb* yetu imekaa pale inangoja mtu mwenye kamera na adabu. Sisi tunapita juu yake na droni tukisema hakuna mtu, kisha tunalalamika kwamba Hollywood hawatuoni.

Sisemi uache kupiga mandhari. Naomba mambo madogo tu. Uliza wenyeji wanapaitaje mahali hapo, na utumie jina hilo. Omba ruhusa kabla ya kumwelekezea mtu kamera, na ukimchukua, mwache aseme kitu kwa lugha yake. Acha sauti ya pale isikike, upepo, kengele za ngamia, mama akiita mtoto, kabla hujaifunika na wimbo unaovuma wiki hii. Onyesha mtu akifanya kazi. Na kama mahali ni padogo na dhaifu, kumbuka Ghuba ya Maya kabla hujawaelekeza watu laki moja wa mtandaoni hadi mlangoni.

Mkitaka pa kuanzia wikendi hii, anzeni na *Theeb*, ni fupi, kama saa moja na nusu hivi. Halafu *Timbuktu* ukiwa na leso karibu. *Atanarjuat* iwekee Jumapili ya mvua. Ukimaliza moja, usiniandikie kwamba mandhari ni nzuri, hilo nalijua. Niandikie ni mtu gani wa huko ungependa kukaa naye mkanywe chai, na ungemuuliza nini. Na kama kwenu kuna mahali watu huja kupiga picha na kuondoka bila kuuliza jina lake, niambie jina hapo chini, pamoja na nani anaishi pale.